Vilima vya Ohio: nani awe wa kwanza kusimulia?

Mwongoza wageni, Iringa
Ndugu zangu, naandaa somo la wanafunzi wa sekondari kuhusu vilima na kuta za udongo za Ohio, Marekani, zilizojengwa takriban miaka 2,000 iliyopita na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023. Udongo ulibebwa kwa vikapu, hivyo nitaingia darasani na kikapu cha milulu kilichojaa udongo, kila mwanafunzi ajitwike. Kinachonisumbua ni kwamba Washawnee, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi ile, walihamishwa kwa nguvu katika karne ya 19, na leo makao yao yako Oklahoma. Nisimulieje urithi ambao wenyewe waliondolewa kwao?

Mwalimu wa historia, Mbeya
Ndugu, neno "walitoweka" lisitamkwe kabisa. Walowezi walidai kwamba vilima vile ni kazi ya taifa jingine lililokwisha kupotea, dai lililowafaa sana waliotaka ardhi, mpaka Cyrus Thomas alipolikanusha katika ripoti yake ya mwaka 1894. Hata jina Hopewell, wanaloitwa wajenzi hao, ni la mwenye shamba palipochimbuliwa. Wao wenyewe hawakujiita hivyo.

Mzaliwa wa Kalenga
Mnyalukolo, waeleze habari za Newark. Pale kuna kuta zenye pembe nane, zilizopangwa kufuata mzunguko wa mwezi wa miaka 18.6, na tangu mwaka 1910 watu walichezea gofu juu yake. Chifu Glenna Wallace wa Washawnee wa Mashariki alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti, na mwanzoni mwa mwaka 2025 eneo lote lilifunguliwa kwa umma. Sisi ambao fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kwetu mwaka 1954, miaka 56 baada ya kifo chake, tunaelewa kungoja kwa namna hiyo. Na picha za mifupa, je, umeziweka?

Mwongoza wageni, Iringa
Nilikuwa nazo mbili, mzee wangu, na nimeziondoa. Nimesoma kwamba tangu Januari 2024 makumbusho ya Marekani yanatakiwa kupata ridhaa ya wazawa kabla ya kuonesha mabaki ya wafu wao, nami sina ridhaa hiyo. Nitaanza na hotuba za Chifu Wallace, kisha ndipo kikapu.