Naomba ushauri: nimemaliza Hollow Knight, niingie Silksong au Dark Souls?

Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara, Shangani.

Nimemaliza Hollow Knight, gemu la 2017 la Team Cherry wa Australia, na akili yangu bado imebaki mle. Kilichonikamata ni ramani. Ukiingia eneo jipya huna ramani kabisa, unatangatanga gizani mpaka uone karatasi zimetapakaa chini na kusikia mtu anaimba taratibu, ndipo unajua Cornifer, mchora ramani, yuko jirani akuuzie. Na hiyo atakayokuuzia ni nusu tu. Nyingine unajichorea mwenyewe, tena haijazwi mpaka ukae kwenye benchi, pale unapopumzikia na gemu kujisevu. Gemu linalomwamini mchezaji namna hii nalipenda sana.

Gemu la Elden Ring nimeliweka kando, linataka RAM ya GB 12 na laptop yangu ina 8, haina kadi ya grafiki. Zimebaki mbili: Silksong ya 2025, mwendelezo wa Hollow Knight, ambayo unacheza kama Hornet, yule tuliyepigana naye kwenye gemu la kwanza, au Dark Souls Remastered. Hii ya pili inanivuta kwa sababu ukifa unaacha roho zako (ndizo pesa za mle) pale pale, na ukifa tena kabla ya kuzifikia, basi zimekwenda. Mtindo ule ule wa Hollow Knight.

Aliyecheza zote mbili anisaidie: Dark Souls inachezeka kwa kibodi, au nitafute pedi ya kuchezea gemu kwanza? Na kwa laptop kama yangu haikwamikwami? Bando la kudownload zote mbili sina.