Naomba ushauri: bluu ipi inafaa sebule ya nyumba ya mawe, Bagamoyo?

Mama wa Dunda:
Ndugu zangu, salaam. Tunakarabati sebule ya nyumba ya familia katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ambayo kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dirisha moja linatazama kaskazini, mawili yanatazama magharibi, sakafu ni ya saruji nyekundu na viti ni vya mninga. Mume wangu anataka bluu iliyopoa. Sipingi, ila nachelea sebule isije ikafanana na wodi. Aidha, nimesoma kwamba chumba chenye dirisha la kaskazini hakifai bluu kwa sababu mwanga wake ni baridi. Je, nichague bluu ipi, na iandamane na nini?

Baharia Mstaafu:
Dada yangu, kanuni hiyo ya kaskazini ni ya watu wa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Bagamoyo ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa kaskazini, na dirisha lako hulipata wakati wote wa kipupwe. Linalostahili kukushughulisha zaidi ni madirisha ya magharibi. Jua la alasiri lina umanjano mwingi, nalo huifanya bluu inayoegemea kijani ionekane kijani hasa. Chagua bluu hafifu yenye kijivu kidogo, inayoegemea zambarau kwa mbali.

Fundi Chokaa, Tanga:
Shikamoo Baharia. Mama, kabla ya rangi tuuzungumzie ukuta. Ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo hubeba chumvi. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, au kwa rangi ya maji ya plastiki isiyopitisha mvuke, chumvi huganda nyuma ya rangi, kisha rangi huvimba na kubanduka. Kuziba nyufa kwa saruji nako huongeza tatizo, ingawa mafundi wengi hupenda saruji kwa sababu hukauka haraka. Tumia chokaa kwa lipu na kwa rangi pia, yaani chokaa nyepesi iliyotiwa unga wa rangi. Kwa bluu, uliza unga wa ultramarini, kwa kuwa bluu ya Prussia huharibiwa na chokaa. Ulowanishe ukuta kwanza, upake tabaka nyembamba tatu au zaidi, na ukinge macho kwa miwani, maana chokaa huunguza. Usishtuke ikionekana imekolea mno ikiwa mbichi, kwani ikikauka hupauka sana. Huacha unga kidogo kwenye nguo, kwa hiyo viti visigusane na ukuta.

Bibi wa Raskazone:
Mwanangu, sakafu nyekundu na mninga vyote ni vya rangi za joto, na vikikaa karibu na bluu kila kimoja humkoleza mwenzake. Ndiyo maana bluu kali itagombana na sakafu, ilhali hafifu itaituliza. Fremu na dari zipakwe nyeupe ya maziwa. Nyeupe kali ndiyo hasa inayoleta huo uwodi unaouogopa. Mikeka ya ukili inatosha kuunganisha vyote, pamoja na mito michache ya haradali ukipenda. Angalia pia balbu: zilizoandikwa 6500 Kelvin hufanya bluu iwe ya ubaridi mno usiku, hivyo tafuta za 3000.

Mama wa Dunda:
Shikamoo Bibi, nawashukuru nyote. Je, nijaribie rangi kwenye ubao? Na chumba cha uani, kilichojengwa kwa matofali ya saruji, nacho nikipake chokaa?

Fundi Chokaa, Tanga:
Ubao haufyonzi kama ukuta, kwa hiyo utakudanganya. Jaribu ukutani penyewe, sehemu moja karibu na dirisha la magharibi na nyingine kwenye kona yenye giza, ukaushe kabisa, kisha utazame asubuhi, alasiri na taa zikiwaka. Chumba cha uani kinafaa rangi ya maji ya kawaida. Kama lipu yake ni mpya, iache takriban siku 28 ikauke kwanza.