Kikundi cha Ukoo: Bei ya Mkoba wa Firenze

Shangazi (Njombe): Tumsifu Yesu Kristo, wanangu. Niliwaonyesha akina mama wa jumuiya picha ya mkoba wa kahawia alioushona Neema huko Firenze, Italia, wakaupenda wote, lakini nilipowatajia bei ya euro 290 walinyamaza. Nauliza bila kumlaumu mtu: hatuwezi kupata mikoba kumi kwa ajili ya harusi ya Desemba, kwa bei ya ndugu?

Neema (Firenze): Milele amina, na shikamoo Shangazi. Nashukuru kwa kunitangaza, na kwa kuwa umeuliza wazi, nami nitajibu wazi. Mkoba ule unakula karibu futi nane za mraba za ngozi, pamoja na vipande vinavyotupwa kwa sababu ya makovu. Juu yake kuna zipu, bizimu za shaba, uzi wa kitani uliopakwa nta, na bitana. Hayo yote hayafiki hata nusu ya bei. Kinachobaki ni kazi: kukata kwa kiolezo, kupunguza unene wa kingo ili mikunjo isivimbe, kutoboa matundu kwa msharasi, kushona kwa sindano mbili zinazopishana katika kila tundu, kisha kusugua na kupaka kingo mara kadhaa, kila mara nikisubiri zikauke. Mkoba mmoja unanichukua siku mbili nzima, na siku hizo ndizo zinazolipa pango la karakana na chakula changu.

Shemeji Daudi (Dar es Salaam): Shemeji, hoja yako naielewa, lakini hapa Kariakoo mikoba iliyo tayari inauzwa kwa bei ndogo sana, na mtu asiye fundi hawezi kuitofautisha na ya ngozi. Kwa nini usiagize ya jumla, ukagonga mhuri wa jina lako, kisha ukaendelea kushona hiyo michache kwa wateja wenye uwezo?

Neema (Firenze): Shemeji, najua unanitakia mema, lakini hilo sitalifanya. Hapa Italia kuna sheria ya mwaka 2020 inayokataza kuita ngozi kitu kisichotokana na mnyama, na nyingine ya mwaka 2003 inayomwadhibu anayedanganya kuwa bidhaa imetengenezwa Italia. Hata kama sheria hizo zisingekuwapo, mteja anayepanda ngazi hadi karakana yangu huja kwa sababu anaiona meza, anaviona visu, na ananiona mimi nikishona. Nikimuuzia kitu nisichokigusa, nitakuwa nimemwibia kile hasa alichokifuata.

Baba Mdogo (Njombe): Mwanangu, hiyo ngozi unainunua wapi? Nauliza kwa sababu ujana wangu wote niliumalizia kwenye mashamba ya miti ya miwati ya TANWAT, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949, na tulikuwa tukiambiwa kwamba dawa inayotoka kwenye magome yale huenda nje kutengeneza ngozi.

Neema (Firenze): Shikamoo Baba Mdogo. Mliambiwa kweli, na swali lako limenifurahisha sana. Nanunua Santa Croce sull'Arno na Ponte a Egola, miji ya viwanda vya ngozi iliyo kando ya mto Arno, kati ya Firenze na Pisa. Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromu, kazi inayokwisha kwa muda mfupi, lakini baadhi ya viwanda vya huku bado vinatumia dawa za mimea, yaani mti wa chesnati, quebracho kutoka Amerika ya Kusini, na miwati, ambayo huku wanaiita mimosa. Ngozi ya namna hiyo huchukua wiki kadhaa, huwa ngumu mwanzoni, kisha hukolea rangi kadiri inavyoshikwa na kupigwa na jua. Siwezi kusema kwamba mimosa ninayoikuta kwenye ngozi yangu imetoka Njombe, kwa kuwa miwati hulimwa pia Afrika Kusini na Brazili, lakini mti ni uleule mlioubandua magome.

Elia (Mwanza): Shikamoo wakubwa wote. Dada Neema, nakaribia kumaliza masomo ya teknolojia ya ngozi hapa kampasi ya Mwanza ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), na nimekuwa nikifikiria kukufuata huko. Ningependa kujua ukweli wa maisha ya fundi anayejitegemea, kwa maana picha zinaonyesha mikoba tu.

Neema (Firenze): Marahaba mdogo wangu. Nilianza kwa kibali cha masomo, ambacho kinaruhusu kazi ya saa 20 tu kwa wiki, na kibali cha kujiajiri ni safari nyingine ya nyaraka. Kwanza niliajiriwa kwenye karakana moja ya Scandicci, mji ulio jirani na Firenze ambako mikoba mingi ya majina makubwa hushonwa na mafundi wa mikataba midogo midogo. Nilijifunza usafi wa kazi, lakini nilishona vishikio tu kutwa nzima, na oda zilipopungua sisi wageni ndio tuliotangulia kuondoka.

Nilipojisajili mwenyewe, nilipata Partita IVA, namba ya kodi ya mtu anayejitegemea. Kwa wafanyabiashara wadogo wasiozidi mauzo ya euro 85,000 kwa mwaka kuna utaratibu mwepesi: katika kazi kama yangu asilimia 67 ya mauzo huhesabiwa kuwa ndiyo pato, na kodi yake ni asilimia 5 kwa miaka mitano ya kwanza, kisha 15. Kinachobana si kodi hiyo, bali michango ya pensheni ya mafundi, ambayo kwa kiwango cha kawaida inazidi euro 4,000 kwa mwaka na inadaiwa kwa awamu nne hata kama hukuuza kitu. Yapo mapunguzo kwa wadogo, nami nayatumia, lakini Februari watalii wanapoadimika na awamu ikafika, hapo ndipo unapojua kama bei yako uliipanga vizuri. Mafundi wengi niliowaona wakifunga karakana walikuwa hodari kwa mikono, ila waliona haya kudai malipo ya muda wao.

Shangazi (Njombe): Neema, hayo ya michango hukuwahi kutueleza. Mimi nilidhani unauza na kuweka akiba.

Neema (Firenze): Nilikuwa sitaki kuwatia wasiwasi, Shangazi.

Elia (Mwanza): Kwa hiyo unanishauri nisije?

Neema (Firenze): Uje kujifunza ukipata nafasi, lakini usije kwa kudhani kwamba soko liko huku peke yake. Tanzania ina mifugo mingi mno, na sasa pana kiwanda cha ngozi Moshi. Kinachoharibu ngozi zetu ni alama za moto wanazochomwa ng'ombe mgongoni, makovu ya kupe, na visu vya wachunaji wasio waangalifu. Fundi anayejua kuchagua ngozi na kukata akiyakwepa makovu hayo anaweza kufanya kazi nzuri akiwa Mwanza.

Mama Neema (Makambako): Basi mimi naona hivi. Neema amshonee bibi harusi mkoba mmoja, kwa bei kamili, na sisi wazazi tuchange. Hiyo tisa ashone Elia, alipwe kazi yake.

Shangazi (Njombe): Naafiki. Nitaanza kukusanya michango Jumapili baada ya misa, na Elia apewe nusu mapema ili anunue ngozi bila kukopa.

Elia (Mwanza): Nashukuru sana, Shangazi na Mama. Dada, naomba violezo.

Neema (Firenze): Nitakutumia leo usiku kwa vipimo vya milimita. Tafuta ngozi ya unene wa milimita 1.2 hadi 1.4, na kabla hujalipa, nitumie picha za upande wa juu na wa chini zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana.