Wauza bodi, nani kawaambia prosesa saidizi haina mwenyewe?

Wakuu, leo nimekuja kutema nyongo. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Nipo Masasi, nahudumia mashine kwenye kiwanda kidogo cha kubangua korosho. Tuna mashine ya kuchagua kwa rangi. Korosho zinadondoka mbele ya kamera, iliyoungua inapulizwa na hewa iangukie boksi la pembeni, nyeupe inaendelea hadi meza ya akina mama wanaopanga madaraja, W240 huku, W320 kule. Korosho ikishashuka nusu mita ina kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde, maana yake kila milisekunde inakwenda milimita 3. Chelewa milisekunde 5, umempuliza jirani yake. Linux ya kawaida (mfumo endeshi wa bodi) ikiwa imeelemewa na picha haiwezi kukuhakikishia muda huo. Ndiyo maana chipu za bodi zinazoendesha mashine hizi zina prosesa mbili: kubwa inaendesha Linux na kuangalia picha, ndogo, ndiyo saidizi, haijui chochote zaidi ya kufungua na kufunga valvu kwa wakati. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na draiva mliyotuletea pamoja na bodi, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitawala prosesa ndogo.

Juzi mzigo umekolea, programu ya kamera ikamaliza memori na kerneli (kiini cha Linux) ikaiua. Hilo hutokea, unaiwasha tena kazi inaendelea. Lakini prosesa ndogo haikuambiwa na mtu yeyote. Ikabaki na amri yake ya mwisho: valvu wazi, kompresa inanguruma, korosho safi zinamwagikia boksi la zilizoungua. Faili la draiva la kuonyesha hali ya prosesa linasoma "running". Aliyegundua ni mama mmoja wa mezani: "Fundi, mbona leo huku hatuletewi kitu, au mmefunga?" Mama wa watu kaishinda draiva nzima!

Nikafungua chanzo cha draiva, kodi yenyewe. Faili moja la kifaa chini ya /dev, ioctl tatu (amri ambazo programu huipa draiva kupitia faili hilo) zenye namba zisizo na maelezo popote. Moja inawasha, moja inazima, ya tatu inampa programu yoyote ramani ya memori halisi yote, achezee anachotaka. Halafu ile funksheni ya release, ambayo kerneli huiita pale mtumiaji wa mwisho anapoachia faili, hata kama kafa kwa kuuawa, ndani yake kuna mstari mmoja tu: return 0, yaani "yote sawa" bila kufanya lolote. Basi. Pale ndipo pangeandikwa "mwenye prosesa kaondoka, funga valvu". Kerneli ilikuja kugonga mlango, ikakuta hakuna mtu nyumbani. Na lile "running" wala siyo hali ya prosesa, ni amri ya mwisho iliyopokelewa. Prosesa ikianguka, draiva haina hata interapti (ishara ya kuishtua) ya kuipa habari.

Kuzima nako ni maajabu. Wanakata saa ya prosesa, yale mapigo yanayoiendesha, papo hapo. Valvu iliyokuwa wazi inabaki wazi, kwa sababu aliyetakiwa kuifunga ndiyo umemkata pumzi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yalishafikiriwa. Linux ina mfumo wa remoteproc wa kusimamia prosesa saidizi tangu 2012, ulioletwa na Ohad Ben-Cohen. Ndani yake draiva ya chipu inajaza vitu vichache tu: namna ya kuwasha, namna ya kuzima, namna ya kuigutusha prosesa. Mengine yote ni ya pamoja. Famwea, yaani programu ya prosesa ndogo, inapakiwa ikiwa ELF (muundo wa kawaida wa faili za programu kwenye Linux) na jedwali lake la rasilimali linalosema inahitaji memori ipi, kwa hiyo hakuna haja ya kumgawia kila mtu memori halisi. Hali zina majina yenye maana, "crashed" ni kitu kingine na "offline" ni kitu kingine. Prosesa ikianguka draiva inatoa taarifa, mfumo unaiwasha upya. Waliowasha wanahesabiwa, haizimwi mpaka wa mwisho aachie. Mazungumzo kati ya prosesa mbili yanapita rpmsg, njia rasmi ya ujumbe, hayapiti kwenye memori ya wizi.

Remoteproc nayo si malaika. Namba za prosesa zinagawiwa kwa kufuata nani kawahi kutambuliwa, leo remoteproc0 kesho remoteproc1, na skripti yako inazima isiyohusika. Na ukitumia sysfs (mafaili ambayo kerneli inayaonyesha ili uitawale), ukiandika "start" kwenye faili la state ukaondoka, hakuna anayekumbuka kuwa ni wewe. Lakini 2020 waliliona, wakaongeza faili la kifaa, /dev/remoteprocN, lenye ioctl ya kuomba prosesa izimwe faili likifungwa. Yaani mwenye prosesa ni yule aliyeshika faili. Akifa, kerneli inajua la kufanya. Hiki ndicho ninachokitaka, na kipo bure, chanzo wazi!

Nikawaandikia wauzaji. Jibu: "jaribu kuzima na kuwasha bodi". Nikawarudia na mstari wenyewe wa return 0. Safari hii wakaniambia niandike programu nyingine ya kuilinda programu ya kamera. Na hiyo ya pili nayo ikiuawa, niilinde na nini?

Kwa sasa nimeweka kaunta kwenye memori wanayoshirikiana. Programu ya kamera inaiongeza kila milisekunde 10, prosesa ndogo ikiona haijasogea kwa milisekunde 100 inafunga valvu zote yenyewe. Inafanya kazi, ila ni kazi ya draiva nimebebeshwa mimi.

Wadau, kuna mwenye bodi ya namna hii ambayo draiva yake imo kwenye kerneli rasmi, si ya kupachikwa na muuzaji? Iwe inapatikana Kariakoo, kuagiza nje sasa hivi msimu utaniacha. Na wewe muuzaji, najua unapita humu. Njoo ueleze ile return 0, nipo nasubiri.