Shina la chini lenye jeni mpya linaukingaje mzabibu na ugonjwa wa Pierce?

Mkulima wa Hombolo:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimesoma kwamba watafiti wa California hubebesha mizabibu ya kawaida juu ya mashina yaliyobadilishwa jeni ili kuikinga na ugonjwa wa Pierce, unaoletwa na bakteria. Naelewa shina la chini likipambana na mdudu wa mizizini, kwani ndivyo mizabibu ya Ufaransa ilivyoponea filoksera katika karne ya 19. Lakini bakteria huyu huingizwa na mdudu anayefyonza matawi na majani. Mizizi itamfikiaje huko juu?

Mbebeshaji:
Ndugu yangu, jibu limo katika makazi ya bakteria mwenyewe. Xylella fastidiosa huishi ndani ya mirija ileile inayopandisha maji kutoka mizizini, na ili ahame kutoka mrija mmoja hadi mwingine hana budi kuumeng'enya utando unaoitenganisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitia kwenye mzabibu jeni ya mpeasi inayotengeneza protini ya kukizuia kimeng'enya anachotumia bakteria kwa kazi hiyo, na mwaka 2005 walionyesha kwamba protini hiyo huvuka kiungo cha kubebeshea na kupanda pamoja na maji. Jeni hubaki chini. Kikonyo, yaani sehemu ya juu iliyobebeshwa na inayozaa zabibu, hakiguswi.

Mama Miche:
Ni kweli, ila katika majaribio hayo dalili zilichelewa tu, hazikukoma, na ndiyo maana baadaye walianza kuunganisha jeni zaidi ya moja katika shina moja. Aidha, mwenye shamba lililokwisha kukomaa hanufaiki mpaka ang'oe na kupanda upya. Binafsi naona aina 5 za mizabibu zilizotolewa na Davis mwaka 2019, zilizopata ukinzani kwa kuchanganywa uzao na mzabibu mwitu, ni njia fupi zaidi, ingawa anayeuza divai kwa jina la Cabernet Sauvignon, aina maarufu ya zabibu, hatakubali kirahisi kubadili jina.

Mkulima wa Hombolo:
Ahsanteni. Kwetu Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, lakini mizabibu ya California hupukutisha majani wakati wa baridi. Maji yasipopanda, protini nayo si itabaki chini?

Mbebeshaji:
Itabaki, lakini majira hayo baridi yenyewe huwapunguza bakteria ndani ya matawi. Kazi ya shina huanza upya majani yanapochipua, na wadudu nao wanaporudi.