Mrejesho: mashine kufa nikichomoa adapta ya mtandao

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwa nini mashine yangu ya Linux inazima ghafla kila nikichomoa adapta ya mtandao ya USB huku inashusha faili. Wengi mlisema ramu mbovu, nikabadilisha ramu, wapi!

Aliyesema nijenge upya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) nikiwa nimewasha KASAN, kile chombo cha kerneli cha kunasa makosa ya memori, ndo kanitoa gizani, mashine ikawa nzito kama imebeba mawe lakini kuchomoa mara ya tatu tu logi ikatapika: draiva (programu inayoendesha adapta) inasoma memori iliyokwisha kuachiliwa. Yani ukichomoa, draiva inaachilia memori yake lakini ile kazi ya nyuma inayokagua laini kila baada ya muda haijafutwa, zamu yake ikifika inaamka inaenda kugusa memori ambayo kerneli pengine ishampa mwingine, kama mtu kurudi na ufunguo wa zamani kwenye chumba chenye mpangaji mpya.

Dawa mstari mmoja tu, futa kazi hiyo na usubiri iishe kabisa kabla ya kuachilia memori. Nimechomoa mara hamsini, kimya.

Ila sio mashine kuzima tu jamani, mjanja akipanga data zake hapo anaweza kupata mamlaka ya kerneli, kwahiyo wasimamizi wa draiva nimewaandikia faraghani, kodi (code) ya programu sibandiki hapa mpaka watoe kiraka, yani marekebisho ya draiva.