Naomba ushauri: kupima ugumu wa rangi ya boti kwa penseli

Wakuu, habari za kazi. Niko Kirumba, Mwanza, napaka rangi boti za chuma. Mteja wangu anataka rangi ya epoksi ifikie ugumu wa 2H kwa kipimo cha penseli, na anataka ashuhudie mwenyewe. Boti yake hukwaruzwa na mawe kila inapovutwa nchi kavu, kwa hiyo simlaumu.

Utaratibu naufahamu. Penseli zinaanzia 6B laini hadi 6H ngumu. Unachonga mbao tu, risasi ibaki nzima, kisha unaisugua wima kwenye msasa mpaka ncha iwe bapa yenye kingo kali. Unailaza nyuzi 45, unaisukuma mbele, ukishuka kutoka ngumu kwenda laini mpaka uipate isiyokwaruza; hiyo ndiyo jibu la ugumu wa rangi. Ncha ikiwa na mviringo hata kidogo, jibu ni la uongo.

Shida ni kwamba ISO 15184, kiwango cha kimataifa cha kipimo hiki, inataka uzito wa gramu 750 juu ya ncha, kwa kitoroli maalumu, na mimi nina mkono tu. Kuna aliyechongesha kitoroli hicho kwa fundi vyuma? Na penseli, mnatumia za kampuni gani? 2H ya huku na ya kule haziko sawa.

Halafu, nipime kwenye ubavu wa boti uliopinda, au kipande cha bati kilichopakwa siku ileile? Naegemea kipande, ila mteja atasema bati nimelipendelea.

Mvua hizi, epoksi mnaiacha siku ngapi kabla ya kupima?